Mstari Ulionyooka, Jambo Lililopinda

Kabla ya kujulikana kwa mashairi ya upuuzi, Edward Lear alikuwa mchoraji wa ndege. Kitabu chake cha kasuku, kilichotoka sehemu kwa sehemu kati ya 1830 na 1832, alikichora akiwatazama ndege walio hai katika bustani ya wanyama ya London. Naanza na kasuku kwa sababu nidhamu ile ndiyo iliyobeba kitabu chake cha upuuzi cha 1846. Ndege wakijenga viota ndani ya ndevu za mzee, shairi linawahesabu na picha inawaonyesha. Jambo limepinda, lakini vina havitetereki, na mara nyingi mstari wa mwisho hurudia neno lililomaliza ule wa kwanza. Shairi halielezi kitu. Picha ndiyo shahidi.

Lewis Carroll na mchoraji John Tenniel waliifikisha nidhamu hiyo mbali zaidi. Michoro 42 ya hadithi ya Alice ya 1865 ilichongwa kwenye mbao ngumu na karakana ya ndugu Dalziel: kila palipo peupe ni mbao iliyoondolewa, kila mstari mweusi ni ukingo mwembamba ulioachwa. Kibao cha aina hiyo kilikuwa na kimo sawa na herufi za risasi, hivyo picha na maneno viliweza kupigwa chapa pamoja, ukurasa mmoja. Mchoro ukaweza kujipenyeza katikati ya sentensi. Tenniel hakuwa mtu wa kuridhika upesi: chapa ya kwanza ilimchukiza, ikaondolewa.

Ustadi wao naupenda zaidi katika dude la shairi lililomo katika kitabu cha pili cha Alice, cha 1871. Shairi limejaa maneno ya kubuni, ila sarufi imesimama wima, nasi tunajua nani kamuua nani. Tenniel akalichora lina mabawa, meno na makucha, kisha akalivika kizibao chenye vifungo. Kizibao kile ndicho kinachonishawishi kwamba lipo. Carroll aliogopa litawatisha watoto, akawauliza akina mama wapatao 30, kisha akaliondoa mwanzoni mwa kitabu na kulipeleka ndani.

Kiswahili kilimpokea Alice mwaka 1940, Sheldon Press ilipotoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, naye akachorwa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikaja tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ninachokitamani sasa ni upuuzi uliotungwa hapa hapa. Mizani na vina tunavyo, na ni vikali kuliko vya Lear. Wachoraji wa mabango tunao hapa Buseresere. Mmoja wao achore kiboko amepanga foleni kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya wachimbaji, amebeba kiroba cha mawe, anasubiri zamu yake. Karasha alichore sawasawa: mkanda, injini, vumbi. Wachimbaji walitambue, na watoto wao wamwamini kiboko.