Nyoka na Pasipoti za Wafu: Usawiri wa Muuaji Msafiri

Walimu wengi wa fasihi tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba hadithi ya upelelezi ina maiti, ina fumbo, na ina mpelelezi anayelifumbua fumbo hilo mbele ya watu. Ndivyo alivyotuzoeza Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa huvuta kiko chake, huwaza, kisha hunena. Makala haya yanauliza kanuni hiyo inafaa vipi pale muuaji anapokuwa mtu wa kweli, tena asiyekaa mahali pamoja akingoja kuhojiwa.

Mfano wetu ni Charles Sobhraj, aliyezaliwa Saigon mwaka 1944. Katika miaka ya 1975 na 1976 aliishi Bangkok kwa jina la Alain Gautier, akijifanya mfanyabiashara wa vito. Aliwakaribisha vijana wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakizunguka Asia kwa fedha kidogo. Aliwatilia dawa, wakaugua, akawauguza, wakamshukuru. Wengine wao hawakuonekana tena wakiwa hai. Hapa pana kinaya ambacho mtunzi wa riwaya angeogopa kukitumia asije akaambiwa ametia chumvi: anayekulisha sumu ndiye anayekushika mkono ukitapika.

Richard Neville na Julie Clarke walizungumza naye akiwa kifungoni Delhi, wakatoa kitabu The Life and Crimes of Charles Sobhraj mwaka 1979. Ni kitabu chenye taharuki nyingi, na msomaji hakiweki chini. Lakini tatizo lake ni la usimulizi. Tunasoma nafsi ya tatu, msimulizi anayejua yote, na tunasahau kwamba sehemu kubwa ya ujuzi huo imetoka kinywani mwa mhusika mwenyewe, mtu aliyeishi kwa kudanganya na ambaye baadaye aliyakana aliyoungama. Wakati mmoja niliwasimulia wanafunzi wa Kidato cha Tatu kisa hiki. Mkono wa kwanza kuinuka uliuliza alitorokaje jela. Hakuna aliyeuliza waliouawa walikuwa watu gani. Siwalaumu, nilisimulia jinsi nilivyosoma.

Tamthilia ya televisheni The Serpent, iliyoonyeshwa na BBC mwaka 2021 katika sehemu 8, ilijaribu kurekebisha jambo hili. Inampa nafasi kubwa Herman Knippenberg, afisa kijana wa ubalozi wa Uholanzi mjini Bangkok, aliyeanza kutafuta Waholanzi wawili kwa sababu barua zao kwa jamaa zilikuwa zimekoma. Hana kiko wala kipaji cha Bwana Msa. Ana faili, ana daktari wa meno wa kulinganisha rekodi na maiti zilizochomwa, na ana wakubwa waliochoshwa naye. Polisi wa Thailand walimhoji mshukiwa mwaka 1976 wakamwachilia. Wahakiki wengi waliilaumu tamthilia hiyo kwa kisengerenyuma kilichozidi, na ni kweli mtazamaji huchoka kurushwa miezi miwili nyuma, mitatu mbele. Hata hivyo, naitetea kidogo. Tunapoona maiti kwanza, kisha tukarudishwa kumwona kijana yuleyule akicheka na kuandika barua kwao, yeye ndiye anayetushughulisha, wala si werevu wa muuaji.

Jazanda iliyo nzito zaidi, nayo haikubuniwa na mtu, ni pasipoti. Desemba 1975 Sobhraj na mwenzake waliingia Nepal kwa pasipoti za wale Waholanzi wawili waliokwisha kufa. Tunapofundisha majazi tunasema jina humfichua mhusika. Hapa jina linamficha, na aliyeuawa anaendelea kuvuka mipaka na kugongewa mihuri. Mwanafunzi akiielewa hoja hii, ameelewa kwa nini muuaji msafiri alikuwa mgumu kunaswa: kila nchi ilikuwa na kipande chake cha hadithi, na hakuna aliyevikusanya ila karani mmoja mwenye ukaidi.

Sasa, kilele kiko wapi? Julai 1976 aliwapa vidonge kundi la wanafunzi wa Kifaransa katika hoteli mjini New Delhi. Dawa ikafanya kazi mapema mno, wengine wakaanguka papo hapo, na waliobaki na nguvu wakamkamata. Je, hiyo ni sadfa au ni matokeo ya tabia yake? Nadhani ni matokeo, maana aliangushwa na silaha yake mwenyewe. Lakini msuko haukuishia hapo. Mwaka 1986 alitoroka jela ya Tihar baada ya kuwalewesha walinzi kwa dawa, akakamatwa tena Goa mwezi uliofuata. Aliachiliwa mwaka 1997, akaenda Ufaransa. Mwaka 2003 alirudi Nepal kwa hiari yake, akatambuliwa na mwandishi wa habari, akakamatwa katika kasino mjini Kathmandu. Karatasi za Knippenberg, zilizotunzwa miaka yote hiyo, zikapata kazi. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004.

Desemba 2022 Mahakama ya Juu ya Nepal iliamuru aachiliwe kwa sababu ya umri na afya, akapandishwa ndege kwenda Paris. Safari hiyo alisafiri kwa jina lake.