Bustani ya Mkingamo

Maandishi yanayosomwa zaidi katika bustani za miji yetu ni kibao kimoja tu: USIKANYAGE NYASI. Maneno mawili, amri moja, mwandishi hajulikani. Nimekisoma Nairobi, nimekisoma Kisumu, nimekisoma nje ya ofisi za serikali ambako nyasi zenyewe zilishakauka kitambo na kilichobaki cha kulinda ni vumbi.

Mimi ni mhakiki wa vitabu, si msanifu. Lakini bustani nayo husomwa, na kibao hicho kinakupa maudhui yote kabla hujaingia. Kinakuambia kwamba bustani ni picha, imewekwa pale itazamwe. Angalia ilivyojengwa: udongo umeinuliwa juu ya barabara, ukazungushiwa ukingo wa saruji, nyasi zikapandwa juu kama keki. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kutoka kwenye nyasi hadi barabarani, yanaungana na yale ya mabati na ya lami, halafu wote tunashangaa mtaro umetoka wapi na nguvu hizo. Eneo la pekee mjini lenye udongo unaoweza kunywa maji tumelijenga liyateme.

Sasa chukua kasoro hiyo uilete Kisii.

Nyanda za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuapa kwamba utakuwa mkavu. Sisi hatusemi "msimu wa mvua" kama watu wa Machakos. Tunasema "mvua ya saa tisa." Mji wenyewe umekaa mteremkoni. Maji ya Nyanchwa yanashuka, ya Jogoo yanashuka, ya paa za maghorofa mapya yanashuka, na yote yanaelekea mto Nyakomisaro, ambao unapita chini pale karibu na Daraja Mbili, soko ambalo jina lake tu linakuonyesha liko wapi. Nyakomisaro unaingia Riana, Riana unaingia Gucha, na Gucha ukishafika kwa Wajaluo unaitwa Kuja na unafurika Nyatike. Chupa ya soda uliyoitupa steji ya Kisii ina safari ndefu kuliko wewe.

Ukitaka kuelewa kwa nini hatuna bustani ya maana kando ya mto huo, panda kwenye ukingo wa Manga, upande wa Nyamira, uangalie chini. Utaona mashamba kama kanda nyembamba, moja kando ya nyingine, zikishuka kutoka barabara iliyo juu ya kilima hadi kijito kilicho chini. Mpangilio huo una haki yake: kila nyumba ipate njia juu na maji chini. Kisha baba akigawa, anagawa kwa urefu, ili kila mwana naye apate njia na apate maji. Kwa sensa ya 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, kwa hivyo unaweza kukisia kanda hizo sasa zina upana gani. Ziko zile ambazo ng'ombe akigeuka, kichwa kinaingia kwa jirani.

Mji ulirithi mchoro huo wa shamba. Ploti zinashuka, vichochoro vinashuka, mitaro inashuka. Hakuna anayejenga kwa mkingamo, maana anayejenga kwa mkingamo lazima apite kwa jirani, na kupita kwa jirani Gusii ni kesi. Matokeo yake ukingo wa mto, ambao ungekuwa kitu kimoja kirefu, umekatwa vipande kama miwa ya kuuza. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilizungumzia ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto usioguswa. Kwenye karatasi. Kwenye udongo kuna mikaratusi, maana mkaratusi unakunywa maji, unakua haraka na unalipa karo. Kampeni za kuing'oa na kupanda mianzi zimekuja mara kadhaa. Siwalaumu waliopanda. Aliyewaambia wang'oe hakuwaambia karo italipwa na nini.

Haya yote ningeyaacha kwa wahandisi kama si mamangu. (Kwa Ekegusii mama anaitwa baba, jambo ambalo limewachanganya marafiki zangu wa Nairobi vya kutosha, kwa hivyo hapa nitamwita Mama.) Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Baada ya wiki kadhaa mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia jambo rahisi sana: atembee nusu saa kila siku, mahali tambarare, bila kusukumwasukumwa.

Mahali tambarare. Kisii. Jaribu wewe. Barabara inapanda au inashuka. Palipo sawa pana bodaboda, au mama wa ndizi, au jiwe la mtaro lililong'olewa likaacha shimo. Shambani ndiyo kabisa: ukitoka mlangoni hatua kumi tayari unateremka kwenye majani ya chai. Ndugu yangu akapata wazo, tukawa tunampeleka supamaketi. Mama alishika troli kama fremu ya kutembelea akapita taratibu kutoka unga hadi sabuni, sabuni hadi biskuti, akarudi. Sakafu laini, taa, hakuna tope. Wiki ya tatu askari wa mlangoni akauliza kwa upole mbona huyu mzee hanunui kitu. Kuanzia siku hiyo tukawa tunanunua kiberiti kimoja kila asubuhi, kama kodi. Nyumbani tulikuwa na viberiti vya kuuza.

Daktari anaweza kuandika dawa na ukaikosa kwenye duka la dawa, hilo tunalijua. Lakini hii ilikuwa dawa ya kutembea, na ulioikosa ni mji. Na si kwamba sayansi haijasema. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wa wagonjwa 46 wa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walienda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Hao waliangalia tu, hawakuambiwa wasikanyage.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Wakulima wa nchi hii wana ufundi unaoitwa fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi za mabingobingo kwenye ukingo. Maji yakishuka yanakuta mstari uliolala kwa mkingamo, yanasimama, yanatua mchanga wake, yanazama. Jina hilo la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya Kiingereza vya kilimo bila kutafsiriwa. Lakini likifika kwenye lango la mji linaambiwa ngoja nje, huku ndani tuna mainjinia.

Mstari ule unaosimamisha maji ni mstari tambarare. Lazima uwe tambarare, la sivyo maji yatakimbilia upande mmoja na kuubomoa. Na mstari tambarare unaokata kilima ndio hasa aliohitaji Mama. Weka njia ya mita mbili juu ya tuta hilo, weka changarawe iliyoshindiliwa au mawe yenye nafasi katikati, weka reli ya kushika na kiti kila baada ya hatua hamsini. Kutoka tuta moja hadi jingine weka mteremko usiozidi kipimo cha kiti cha magurudumu: mita 12 za kwenda kwa kila mita 1 ya kupanda. Chini kabisa, karibu na mto, acha bonde lenye mafunjo na matete ambalo likijaa maji siku mbili hakuna atakayepiga simu redioni. Kazi ya kuzuia mafuriko na kazi ya kumfundisha mtu kutembea tena zinatumia mchoro uleule. Sijui kama kuna mji mwingine Kenya ambao kilima chake chenyewe kinakupa mchoro wazi hivyo.

Si ndoto za mtu wa vitabu. Kibera, kikundi cha Kounkuey kimekuwa kikishirikiana na wakazi kujenga viwanja kando ya mto Ngong ambavyo vinazuia maji na papo hapo vina mahali pa kufulia na pa watoto kucheza. Michuki Park pale Globe, Nairobi, ilikuwa jalala na maficho kabla ya kufufuliwa mwaka 2020. Leo watu wanakula chakula cha mchana chini ya miti. Naipenda, ingawa bado ni bustani ya kukaa zaidi ya kuwa bustani ya kufanya kazi. Dar es Salaam ndiko walikothubutu zaidi kwenye michoro: mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2022, unakubali tangu mwanzo kwamba Jangwani patafurika, na unapanga bustani ya mji ambayo kufurika ni sehemu ya kazi yake. Lakini ilibidi watu walipwe fidia na wahame kwanza. Sehemu hiyo ndiyo ngumu, na ndiyo Kisii inaikwepa.

Maana huwezi kulaza tuta kwa mkingamo kwenye ploti moja. Unahitaji wenye kanda arobaini wakae meza moja, na pengine mezani pia kaunti mbili. Keroka, mji uliokatwa katikati na mpaka wa Kisii na Nyamira, umeshagombaniwa kuhusu nani akusanye ushuru wa soko. Sijasikia ukigombaniwa kuhusu nani apokee maji ya mvua yake. Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote. Mahali penyewe kwanza pawepo.

Na kuna jambo ambalo michoro haionyeshi. Bustani ya aina hii ikifanya kazi vizuri itachafuka. Kesho yake baada ya mvua kubwa itakuwa na tope jekundu hadi magotini, mifuko, ndala za mguu mmoja, chupa. Mtu atapiga picha, atapandisha mtandaoni, ataandika "pesa zetu hizi." Ofisa wa kaunti ataogopa, ataagiza ukingo wa saruji na nyasi juu kama keki. Bajeti ya kuizuia hali hiyo si kubwa: watu sita wenye majembe na matoroli, mshahara wa kila mwezi, mwaka mzima, hata miezi ambayo hakuna mgeni wa kukata utepe. Kazi ya kwanza ya hao sita ingekuwa kuchota tope kutoka njia ya chini kabla ya saa tatu asubuhi, saa ambayo Mama alikuwa akishika troli.