Fwaye, Kodi na Fomu Yangu

Nimesoma makala mbili za mwanahistoria Nancy Rose Hunt kuhusu Bujumbura, wakati ule ikiitwa Usumbura. Moja ilitoka 1990, nyingine 1991. Zote ni za Kiingereza, katika majarida ya wasomi, kwa hiyo nilizisoma polepole, kamusi pembeni. Nadhani sisi tunaofanya kazi ya kusaidia watu tunazihitaji, ingawa nina neno nazo.

Ya kwanza inahusu Fwaye Sosiali ya Usumbura, kuanzia 1946 hadi 1960. Pale asistanti sosiali wa Kibelgiji waliwafundisha wanawake Waafrika kushona, kufua, kupiga pasi, kupika na kulea watoto. Waliwatembelea hata majumbani. Kushona si kitu kibaya, na wako waliofurahia kujua. Ila somo lilikuja na picha yake ya mke mwema: mume mmoja, mke mmoja, nyumba inayompendeza mzungu.

Ya pili inahusu kodi. Utawala uleule uliwatoza kodi wanawake wa mjini walioandikwa kwamba wanaishi bila mume: wajane, walioachwa, hata wake wa mitara ambao ndoa zao serikali haikuzitaka mjini. Katika miaka ya 1950, wanawake Waislamu wa Buyenzi waligoma. Siyo pesa tu iliyowauma, jamani. Kodi ile iliwatia kapu moja na malaya. Mjane mwenye heshima zake anapewa jina kama hilo na serikali, eti alipe na pesa juu yake!

Neno langu ni hili: hadithi hizi mbili ni moja, na kuzitenga kunatupunguzia nguvu yake. Anayesoma ya kwanza peke yake ataona historia ya mafunzo. Anayesoma ya pili peke yake ataona historia ya ugomvi. Ukizilaza pamoja unaona mji mmoja, miaka ileile, mkono mmoja ukimfundisha mama kupiga pasi na mwingine ukimtoza kodi ya aibu. Haki katika mji huu haikuanzia darasani kwa fwaye. Iliombwa na wanawake ambao picha ya fwaye iliwaacha nje.

Wengine wataniambia: sisi tunasaidia, mambo ya haki ni siasa. Lakini huko Chicago, Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House mwaka 1889, katika kartie ya wahamiaji. Nao walikuwa na madarasa na kulea watoto. Ila Florence Kelley, aliyeishi humo, alikwenda kuchunguza vyumba ambamo majirani walishonea nguo za kuuza, akapigania sheria ya Illinois ya 1893 iliyokataza watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani. Hakuuliza kama mama anashona vizuri. Aliuliza anashona saa ngapi, analipwa nini, na mtoto wake anafanya nini pale.

Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa mjini, naingia nyumba kwa nyumba na fomu. Fomu inauliza kama vyombo ni safi, kama maji yamefunikwa. Siku moja mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, hii ni mara ya tatu unakuja kuangalia sufuria zangu. Kufagia nilijua tangu niko mdogo. Andika basi kwamba binti yangu amerudishwa nyumbani kwa kukosa karatasi." Nikatafuta mahali pa kuandika, hapakuwepo. Nikaandika nyuma ya fomu. Hakuna aliyeigeuza.

Binti bado yuko nyumbani. Ndo maana makala hizi zilinichoma: nilijiona nimesimama mlangoni pa fwaye.

Wajukuu wa wale wanawake wa Buyenzi wako hapahapa, wengine tunanunua kwao sokoni Ruvumera, na hadithi ya bibi zao imefungwa kwa Kiingereza. Anayeweza kutafsiri hata kurasa chache kwa Kiswahili anione, tuzisome na mama zetu kabla ya kikao kijacho. Na ninyi mnaotunga fomu, tuwekeeni mstari mmoja: nani amekuzuia, na kwa karatasi gani? Halafu mtu aisome.