Pembe ya pili ya arusi yetu

Wenzangu, leo siandiki juu ya kitabu. Naandika juu ya diski moja: DVD ya arusi ya dada yangu, ile kuzeni yetu alitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani.

Video nyingi za arusi kwetu Bukavu zinafanana. Kamera inawafuata maharusi toka komini mpaka kanisani, toka kanisani mpaka ukumbini, na mioyo mioyo inarukaruka kwenye skrini. Wazazi wanaonekana tu wakati wa chakula. Kuzeni yeye aliweka kamera mbili: moja karibu na altare, ya pili juu ya trepie mbele ya viti vya wazazi. Halafu hakutuchagulia cha kuangalia. Ukibonyeza kifungo cha Angle kwenye telekomande, unahama toka kwa maharusi kwenda kwa wazazi, sauti inabaki ileile.

Kazi hiyo si ya mchezo. DVD inaruhusu pembe hadi 9, lakini zote lazima ziwe na urefu sawa, na kila moja inakula nafasi yake. Diski ya giga 4,7 inabeba karibu saa 2 za picha nzuri. Misa ya dakika 40 kwa pembe 2, tayari ni dakika 80. Zikabaki dakika 40 kwa dote na ukumbi, kwa pembe moja tu.

Hapo ndipo namlaumu. Dote ni siku ya familia mbili kuangaliana uso kwa uso. Tunaona msemaji wa upande wao akichekesha watu. Upande wetu tunausikia tu ukicheka. Afadhali angekata dansi yote.

Lawama ya pili: betri. Dakika ya 31 kamera ya pili ilizimika, na ili urefu ulingane akaweka picha moja iliyoganda mpaka mwisho. Menyu haisemi kitu. Nilifikiri mashine imeharibika.

Lakini niko na sababu ya kuisifu. Papa alifariki miaka miwili baada ya arusi. Wakati wa viapo, kwenye pembe ya kwanza haonekani hata kidogo. Kwenye ya pili anatoa kitambaa, anajifanya anapangusa miwani. Mama anamwona, anamshika mkono. Montaji ya kawaida ingetupa ile dakika, juu macho yote yalikuwa mbele.

Sasa mashine za DVD zinapotea, na ukihamisha diski kwenye simu, mara nyingi inakuja pembe ya kwanza peke yake. Mimi nilimwomba kuzeni picha zote za kamera ya pili, nikaziweka mahali pawili. Ninyi mnaofilmu arusi za watu: geuzeni kamera moja kwa wazazi, chajini betri mbili, na msifute kitu.