Nusu Sekunde: Jinsi ya Kujaribu Mfumo Endeshi Kabla Haujatoka

Toleo la beta la Ubuntu 24.04 lilipangwa kutoka tarehe 4 Aprili 2024. Siku ilifika, beta haikutoka. Canonical, kampuni inayousimamia mfumo huo, ilikuwa imetangaza kwamba vifurushi vyote vilivyojengwa tangu tarehe 26 Februari vitatupwa na kujengwa upya kwenye mashine safi. Beta ikasogezwa hadi tarehe 11. Kazi yote hiyo ilitokana na nusu sekunde aliyoistukia mtu mmoja.

Mtu huyo ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata hiyo kwenye sid, tawi la mfumo wa Debian ambamo programu mpya huingizwa kabla hazijakomaa. Vipimo vyake vilihitaji mashine iliyotulia, lakini akaona SSH, programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, inakula nguvu ya prosesa kuliko kawaida, hata pale mgeni anapotaja jina lisilokuwepo na kukataliwa papo hapo. Akapima. Ombi lililokuwa likikataliwa kwa sekunde 0.299 sasa lilichukua sekunde 0.807. Alipofuatilia chanzo alifika kwenye xz, programu ya kubana mafaili. Matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1, yaliyotoka Februari na Machi mwaka huo, yalikuwa na mlango wa siri uliopandwa na mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Freund alilitoa jambo hilo hadharani tarehe 29 Machi.

Ukiangalia mlango huo ulikuwa umefika wapi, utaona faida ya matoleo ya majaribio. Ulikuwa kwenye sid na kwenye tawi la majaribio la Debian, kwenye Fedora Rawhide, kwenye beta ya Fedora 40 na kwenye openSUSE Tumbleweed. Kwa upande wa Ubuntu ulikwama kwenye sehemu iitwayo proposed, ambako vifurushi husubiri kukaguliwa kabla ya kupokewa. Matoleo imara ya Debian, Fedora na Ubuntu hayakuguswa. Hata hivyo, waliokuwa wakitumia matawi hayo ya majaribio walikuwa wengi, na aliyeona ni mmoja. Freund alikuwa na namba ya jana ya kulinganisha na namba ya leo. Hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu kujaribu mfumo nyumbani: kazi huanza kwa kuupima mfumo unaoutumia sasa, kabla hujapakua chochote.

Hapa Kanombe, Kigali, nchini Rwanda, beta hiyo ya Ubuntu nilisubiri kuipakua hadi juma la maombolezo ya kitaifa, linaloanza kila tarehe 7 Aprili, lilipopita. Muda wa kusubiri ulitosha kuandaa daftari. Niliandika muda wa kompyuta mpakato kuwaka, ambao amri ya systemd-analyze huutaja na kuugawanya hatua kwa hatua. Niliandika kiasi cha ramu kinachotumika kabla sijafungua programu yoyote, muda betri inaodumu nikiandika tu, kasi ya waifai nikiwa chumba kilekile, na kama kompyuta huamka vizuri baada ya kulazwa kwa kufunga kifuniko. Mwisho nilijaribu printa, kamera na spika, kwa sababu mfumo mpya unaweza kuvivuruga, na beta hii ilikuja na kerneli 6.8.

Faili lenyewe lina ukubwa wa karibu GB 6. Kwenye mtaa ambao umeme au mtandao unaweza kukatika katikati ya kupakua, tumia toreti au amri ya wget -c, ili kazi iendelee pale ilipoishia. Kwa anayefuatilia matoleo ya kila siku kuna zsync, ambayo hulinganisha faili la jana na la leo kisha ikaleta vipande vilivyobadilika tu. Kwa mtu anayenunua bando kwa GB, akiba yake huonekana mwisho wa mwezi.

Likishapakuliwa, faili huhakikiwa kwa namba ya SHA256. Usiiruke hatua hii, lakini ujue mpaka wake. Namba ikilingana, maana yake faili limefika bila kuharibika. Ukihakiki na saini ya kidijitali, unajua pia nani amelitoa. Hakuna kati ya hizo mbili ambayo ingeunasa mlango wa xz, kwa kuwa kifurushi kibovu kingejengwa na mashine rasmi na kutiwa saini rasmi. Uhakiki hukuhakikishia njia ambayo faili limepitia. Tabia ya programu ikishaanza kufanya kazi ni suala la vipimo.

Baada ya hapo faili huandikwa kwenye flashi, kompyuta ikazimwa na kuwashwa kupitia flashi hiyo, ukachagua kujaribu bila kusakinisha. Mfumo husomwa kutoka kwenye flashi, mabadiliko yakikaa kwenye ramu, na diski ya ndani haiguswi, mradi tu usiifungue mwenyewe. Ukizima, kila ulichofanya hufutika. Njia hii inatosha kujibu maswali ya vifaa: waifai inashika? Sauti inatoka? Mwanga wa skrini unapungua? Haifai kwa maswali ya kasi. Flashi ni polepole kuliko diski ya ndani, na anayelinganisha muda wa kuwaka wa flashi na ule wa diski anapima flashi yake, hapimi mfumo.

Kwa kasi na betri, sakinisha kwenye diski ya pembeni, ikiwezekana SSD ya nje. Kugawa diski ya ndani ili mifumo miwili ikae pamoja kunawezekana, lakini umeme ukikatika katikati ya ugawaji kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, unaweza kuupoteza hata mfumo wa zamani. Kompyuta mpakato inaokolewa na betri, kama betri bado ni nzima. Kwa vyovyote, nakala ya kazi zako iwe imekwisha kuhifadhiwa nje kabla hujagusa kitu.

Halafu kuna hitilafu ambazo si za beta. Nitatoa mfano mmoja unaohusu mitaa inayopakana na uwanja wa ndege, kama yetu. Katika masafa ya 5 GHz, chaneli za waifai kuanzia 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada. Ruta inayozitumia hutakiwa kusikiliza, na ikihisi rada ihame chaneli mara moja. Mtumiaji huona mtandao umekatika ghafla kisha ukarudi. Hilo likitokea ukiwa kwenye beta, ni rahisi kuilaumu kerneli. Dawa yake ni kuiweka ruta kwenye chaneli 36, ambayo haimo kwenye kundi hilo, kisha kurudia kipimo kwenye mfumo wa zamani na mpya, saa zilezile, mahali palepale. Kasoro ikitokea kwenye mifumo yote miwili, beta haina kesi ya kujibu.

Ikitokea kwenye beta pekee, iripoti. Amri ya ubuntu-bug ikifuatiwa na jina la kifurushi hukusanya taarifa za mashine na kukufungulia ripoti kwenye tovuti ya Launchpad. Ripoti inayosema tu kwamba waifai ni mbovu haimsaidii mrekebishaji. Inayotaja kadi ya waifai, kerneli iliyofanya kazi, kerneli iliyoshindwa na hatua za kurudia tatizo, inampa pa kuanzia. Hapo ndipo daftari la mwanzo linapolipa.

Wanaotumia Windows wana mpango wa Insider ulioanza mwaka 2014, na kanuni ni zilezile isipokuwa njia ya kurudi nyuma ni nyembamba zaidi. Aliyeingia njia ya Canary hawezi kurudi kwenye toleo la kawaida bila kusakinisha upya, na matoleo hayo huisha muda wake. Aliyefunga beta ya Ubuntu akiendelea kupokea masasisho hufikishwa kwenye toleo kamili bila kuanza upya, na ndivyo ilivyokuwa 24.04 ilipotoka tarehe 25 Aprili.

Liko jambo moja ambalo flashi wala diski ya pembeni haviwezi kukuonyesha: kuhama kutoka mfumo wa zamani ukiwa na programu na mafaili yako yote. Watumiaji wa 22.04 walipangiwa kufunguliwa mlango huo rasmi pamoja na 24.04.1, tarehe 15 Agosti 2024. Toleo hilo lilichelewa hadi tarehe 29 kwa sababu ya hitilafu zilizojitokeza kwenye kuhama kwenyewe. Anayetaka kupima hilo aufunge mfumo wa zamani ndani ya mashine pepe, auwekee programu anazozitegemea, kisha auhamishe humo. Mwenye kompyuta moja inayomlisha asubiri toleo la .1, tena bila haraka.

Mwenye kompyuta ya ziada ana sababu ya kutosubiri. Mifumo hii hujaribiwa zaidi kwenye mashine mpya na umeme usiokatika, ilhali nyingi kati ya kompyuta zetu zilianzia kwenye ofisi za ng'ambo, zikatufikia zikiwa na kadi za miaka kumi iliyopita na betri zilizochoka. Mrekebishaji hawezi kutibu kasoro ambayo hakuna aliyeipima. Ikiripotiwa wakati wa beta, ina nafasi ya kurekebishwa kabla ya tarehe ya kutoka. Ikinyamaziwa, atakayeigundua ni fundi wa duka la mtaani, mteja akiwa amesimama mbele yake.