Mpiga Besi na Vyombo vya Wenyewe

Wapiga besi wengi ninaowajua Korogwe na Handeni hawana amplifaya ya besi, na wengine hata gitaa lenyewe si lao. Gitaa ni mali ya kwaya. Linakaa stoo, siku ya mazoezi linatolewa, mazoezi yakiisha linarudi. Siku ya harusi spika ni za mwenye vyombo aliyekodiwa na kamati, na umeme ni wa jenereta ambayo mpigaji hajapata kuiona. Juu ya mali hiyo ya watu watatu anatakiwa atoe mlio mmoja ulionyooka, tangu maharusi wanapoingia ukumbini hadi kamati inapoanza kukunja viti. Wapo wanaoliweza hilo, na kila ninapowaona kazini najiona nina bahati.

Kupiga vyombo vya wenyewe ni jambo la siku nyingi hapa. Bendi nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilimilikiwa na vilabu, mashirika ya umma, jeshi au polisi. Mwanamuziki akihama bendi aliacha gitaa akaondoka na vidole vyake. Na mkoa wa Tanga ulikuwa na vidole vya kutosha. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, mkonge ukafuata, na mashamba kama Magunga, Ngombezi na Mazinde yakavuta watu kutoka kila pembe. Penye mshahara wa mwisho wa mwezi hapakosi dansi. Jamhuri Jazz ya Tanga ilianza mwaka 1955 kwa jina la Young Nyamwezi, jina linaloeleza lenyewe watu wake walitoka wapi. Atomic Jazz walikuwa mji huohuo. Upande wa taarabu, Black Star Musical Club waliliingiza gitaa na besi kwenye muziki uliokuwa umezoea udi na fidla, na mwambao mzima ukawasikiliza.

Ndugu wawili waliopitia Jamhuri Jazz, Wilson na George Peter Kinyonga, walikwenda Arusha, kisha Nairobi, wakatuachia Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na besi ikawa mikononi mwa Tom Malanga. Mpiga besi yeyote kijana wa huku akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie na wimbo wao Sina Makosa, asikilize besi peke yake, mara nyingi, asiguse gitaa. Besi ile inazunguka palepale tangu mwanzo hadi mwisho, haichoki wala haitafuti sifa, na waimbaji na magitaa mengine yote yanasimama juu yake. Kuipata mipigo yenyewe ni kazi ya jioni moja. Kuishikilia kwa uzito uleule dakika ya saba kama dakika ya kwanza, hiyo ni kazi ya miaka.

Nina mpigaji mmoja ninayemfikiria ninapoandika haya. Anapiga kwenye kwaya ya vijana Korogwe mjini, na Jumamosi huitwa na bendi ndogo ya marafiki inayopiga sherehe hadi Handeni. Mchana ana kazi nyingine. Nilimkuta siku moja akiandaa nyuzi, na nilikaa hadi akamaliza.

Seti ya nyuzi nne za besi ni ghali kuliko seti ya sita za gitaa la kawaida, na mara nyingi huagizwa Dar es Salaam zikaja na basi. Kwa hiyo nyuzi za huku huishi maisha marefu. Uzi wa besi umezungushiwa waya juu ya waya, na jasho, mafuta ya mkono na vumbi hujibana katikati ya mizunguko ile mpaka mlio unakuwa butu. Siku mbili kabla ya sherehe yeye huzifungua, huzikunja polepole zisivunjike mgongo, na kuzichemsha kwenye sufuria ya maji kwa dakika kama kumi. Maji yanatoka ya kijivu. Kisha anazifuta moja moja na kuzianika juani hadi zikauke kabisa, maana unyevu ukibaki ndani kutu huanzia humo. Zikirudishwa zinalia kama zilivyolia dukani, kwa siku chache tu, lakini harusi ni siku moja.

Siku ile uzi mmoja ulikuwa umekatika, akafunga mpya. Uzi mpya ni mrefu kupita kiasi, lazima ukatwe, na hapo ndipo wengi huuharibu. Yeye alipima urefu, akaukunja kwa koleo mahali utakapoingia kwenye kikazio, akahakikisha kona imekaa, ndipo akakata mbele ya kona. Ukikata kabla ya kukunja, ule waya wa nje unaweza kulegea kwenye kiini chake, na uzi mzima ukafa kabla haujapigwa hata mara moja. Baada ya hapo alizikaza zote nne akaliacha gitaa lilale usiku mzima, kwa sababu shingo iliyolegezwa inahitaji muda wa kuzoea tena mvuto.

Shingo ni mti, na mti unasikia hewa. Korogwe iko kando ya mto Pangani, na wakati wa masika hewa yake ni nzito. Handeni wakati wa kiangazi ni kukavu. Gitaa linalokaa stoo mwaka mzima hupinda kidogo bila mtu kulijua, na mpigaji hulaumu vidole vyake. Ndani ya shingo kuna chuma kinachokazwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Jamaa yangu hupima hivi: anabana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, anaubana kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili, kisha anatazama freti ya saba. Upenyo ukiwa unene wa vocha ya simu, anaacha. Ukizidi, anakaza robo ya mzunguko, si zaidi, halafu anasubiri hadi kesho yake. Sijaona kazi ya mikono inayodai uvumilivu mwingi hivi kwa tendo dogo hivi.

Jeki ikilegea, gitaa likaanza kukwaruza, huenda kwa fundi redio. Fundi huyo huenda hajapiga besi maishani mwake, lakini kulehemu ni kulehemu. Anasafisha kiungo, anaweka risasi mpya, kazi imekwisha. Mkanda wa begani ukichanika, fundi viatu anaushona kwa uzi uleule wa kushonea soli. Hayo ni mambo madogo, ila gitaa la besi lina uzito wa kilo nne hivi, na mkanda ukikatika katikati ya sebene hakuna atakayesamehe.

Sasa tuje kwenye sauti, ambako watu hupoteza pesa nyingi. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Ili spika isukume hewa kwa mtikisiko wa taratibu namna hiyo, koni yake lazima iende mbele na nyuma kwa umbali mkubwa kuliko inavyokwenda kwa gitaa la solo. Ndiyo maana ukichomeka besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa ukaifungua hadi mwisho, utasikia kwanza mkoromo, kisha harufu, kisha kimya. Sikio letu nalo ni zito kwa sauti za chini, kwa hiyo besi inahitaji nguvu nyingi zaidi isikike sawa na wenzake. Na kuongeza wati mara mbili hakuongezi sauti mara mbili: unapata desibeli tatu tu, ambazo msikilizaji wa kawaida anaziona kidogo.

Mpigaji asiye na amplifaya ana njia moja nzuri, nayo ni kwenda moja kwa moja kwenye mikisa kupitia kiboksi cha DI. Kiboksi hicho kinaibadilisha sauti dhaifu ya gitaa iweze kusafiri kwenye waya mrefu bila kuokota kelele, na kinaipatanisha na mlango wa maikrofoni. Kinaingia kwenye mfuko wa koti. Gitaa likiwa na betri ndani, mpigaji makini huchomoa waya kila anapopumzika, kwa sababu betri huanza kuliwa waya ukiwa umechomekwa, hata kama hakuna anayepiga.

Baada ya hapo kila kitu kinategemea mtu wa mikisa, na hapa adabu ni sehemu ya ufundi. Nimemsikia jamaa yangu akimwendea mwenye vyombo mmoja, mzee wa makamo, kabla ya watu kuingia ukumbini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye besi?"

"Ndiye. Mjomba, naomba usiniongezee chini. Nipunguzie ile ya chini kabisa, ukumbi huu unaizungusha."

Mzee alipunguza, akatulia, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Ombi lile lilikuwa na akili. Wimbi la uzi mnene lina urefu wa mita nane hivi, na ndani ya ukumbi wa kuta za tofali na paa la bati linagonga, linarudi, linajirundika kwenye kona. Mpigaji aliye jukwaani haisikii besi yake vizuri, anaomba iongezwe, na waliokaa nyuma wanapigwa vifuani bila kujua ni noti gani. Nje uwanjani, kwenye mkutano wa injili au sherehe ya chini ya turubai, mambo ni kinyume: hakuna ukuta wa kurudisha kitu, besi inakwenda zake. Hapo unaziweka spika chini, karibu na ukuta wa nyumba kama upo, na unaomba ulichokikataa jana.

Umeme una masharti yake. Maji ya Pangani yalianza kuzalisha umeme Hale, wilaya hiyohiyo ya Korogwe, mwaka 1964, lakini sherehe nyingi za vijijini bado ni za jenereta. Jenereta ndogo ikibebeshwa taa, friji ya soda na amplifaya kwa pamoja, umeme hushuka kila ngoma ya mguu inapopigwa. Mpigaji mzoefu huomba vyombo vipewe mstari wao. Huwasha mikisa kwanza na amplifaya mwisho, na kuzima ni kinyume chake, ili ule mshindo wa kuwasha usizifikie spika. Kitu kimoja hakihitaji mjadala: ukishika nyuzi na mdomo ukagusa maikrofoni ukapigwa shoti, acha kupiga. Usivumilie, usifunge kitambaa kwenye maikrofoni. Waya wa ardhi haupo mahali fulani, na watu hufa kwa hilo.

Hayo yote ni maandalizi ya kupiga noti chache. Kwaya nyingi za huku husoma nota za do re mi, na mpiga besi wa kwaya hujifunza kufuata sauti ya nne, ya wanaume wa chini. Ndiyo shule bora ninayoijua. Sauti ya nne ikienda kwenye fa, naye yupo fa. Ikirudi nyumbani kwenye do, wanafika pamoja. Akitoka kanisani akaingia kwenye harusi, masikio yale yanamsaidia kujua wimbo unakoelekea hata kama hajaufanyia mazoezi. Na chini ya yote kuna ngoma. Watu waliokua na mdumange wa Wasambaa au selo ya Wazigua wanajua ngoma kubwa inapaswa kuanguka wapi, na mpigaji akiiangusha mahali pengine miguu yao inamwambia.

Kinachonishangaza zaidi ni mkono wa kushoto. Wa kulia unapiga, kila mtu anauona. Wa kushoto, baada ya kubana noti, unalegea kidogo bila kuachia uzi, na noti inakatika palepale inapotakiwa kukatika. Mtazame mpigaji mzuri kwa karibu: vidole vyake havinyanyuki, vinapumua tu juu ya nyuzi. Noti iliyoachwa ikining'inia inaingia kwenye noti inayofuata, wimbo unakuwa tope, na watu wanapunguza kucheza bila kujua kwa nini. Suleiman Mwanyiro wa Msondo Ngoma aliitwa Kompyuta, na ukiwasikiliza wapiga besi wa daraja lake unaelewa sifa hiyo ilikuwa ya nini: kila kitu kilianza kwa wakati na kiliisha kwa wakati.

Siku hizi kinanda kinaweza kupiga besi chenyewe, na kwaya nyingi zimeona hiyo ni nafuu. Inalia safi, haihitaji nyuzi. Lakini besi ya kinanda iliyopangwa haimngoji mchungaji anayeongeza beti, wala haimwoni bibi harusi aliyesita mlangoni. Mtu mwenye gitaa anawaona wote wawili, anazungusha mara moja zaidi, na hakuna anayegundua kwamba kulikuwa na tatizo.

Kwa hiyo kwaya inayopanga bajeti yake ya mwaka, baada ya vitambaa vya sare na nauli ya kwenda kurekodi, inunue kwanza seti ya nyuzi ya akiba. Kisha waya mmoja mzuri, wa kuazimwa na mpiga besi peke yake. Kisha kiboksi cha DI. Amplifaya inaweza kusubiri.