Uhuru wa Ngomeni na hesabu ya kurejelewa

Ukifungua majarida ya elimu ya falaki, utakuta nyota na vyanzo vingine vya miale vinavyoitwa kwa alama 4U, kisha tarakimu. Hiyo U ni ya Uhuru. Ndiyo, neno letu la Kiswahili.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mkabala wa Ngomeni, Magarini, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Roketi na setilaiti vilikuwa vya shirika la Marekani la NASA. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi, akakipa chombo jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Kilikuwa cha kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa miale ya eksirei. Orodha ya nne ya uchunguzi wake, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, alitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Makala yaliyotokana na kazi hiyo yamerejelewa kizazi baada ya kizazi. Hapo ndipo nina neno.

Siku hizi msomi hupimwa kwa hesabu ya kurejelewa. Kipimo kinachopendwa ni fahirisi h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala kumi ambayo kila moja limerejelewa angalau mara kumi, fahirisi yako ni kumi. Ni rahisi, na kamati za kupandisha vyeo hupenda kilicho rahisi. Nimekaa katika kamati hizo miaka mingi; wapo wanaouliza tarakimu kabla ya kuuliza mtu ameandika nini.

Sisemi kipimo hakina maana. Makala yasiyotajwa na mwenzako yeyote kwa miaka ishirini, huenda hayakuwa na la kutajwa. Lakini tazama neno lenyewe. Kurejelea kumetokana na rejea, yaani rudi. Anayekurejelea ni mwanataaluma mwenzako anayerudi kwenye maandishi yako ili naye aandike. Mvuvi wa Ngomeni hana tanbihi. Akielewa, akamweleza mwanawe, akabadilisha jambo katika kazi yake, hakuna mashine inayomhesabu. Mtu anaweza kujenga jina kubwa hata katika taaluma ya kueleza umma sayansi, na umma huo usijue kwamba yupo! Huo nauita mchezo wa wasomi kupigiana makofi.

Mtaniambia Kilifi mambo ni tofauti, na ni kweli kiasi. Kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1989, kinarejelewa sana duniani kwa tafiti za malaria. Watafiti wake pia wamelazimika kuketi na wanakijiji na kutafuta maneno, kwa Kiswahili na Kigiriama, ya kutenganisha utafiti na matibabu, na ya kueleza kwa nini damu inatolewa. Kwani wangefanyaje? Mzazi asipokubali, hakuna utafiti. Nyota hazitoi idhini, basi watu wa setilaiti hawakubanwa hivyo. Ila ile kazi ya kutafuta maneno, ambayo kwangu ndiyo ngumu kuliko zote, fahirisi h haina pa kuiweka.

Anayeumia ni mhadhiri kijana. Akiandika kwa Kiswahili, wanaoweza kumrejelea ni wachache, na wengi wao huchapisha katika majarida ambayo mashine hizo haziyasomi. Akiandika kwa Kiingereza kuhusu Kiswahili, hesabu inapanda. Mwalimu wa fizikia ndiye hana njia kabisa: kitabu chake kidogo cha kuwaeleza watu wa Magarini kilichofanyika baharini kwao kitaitwa eti kazi ya pembeni. Kamati zikipe alama, zikisomeshe kwa wataalamu wawili kama makala mengine, na zimtake mwandishi aonyeshe kimesomwa na nani, katika shule zipi, redio gani.

Na kitabu hicho si kigumu kukianza. Eksirei watu wanaijua: ukivunjika mguu, hospitalini Malindi mashine hupitisha miale mwilini na mfupa unaonekana. Tofauti ni kwamba huko juu miale inatoka kwenye vitu vya angani vyenyewe. Hewa inayotuzunguka inaizuia isifike chini, na ndiyo sababu chombo kilipaswa kupanda juu ya hewa. Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu pako karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaisukuma roketi ielekeayo mashariki kwa nguvu zaidi, na upande huo kuna bahari tupu ya kupokea mabaki yanayoanguka. Manahodha wa pwani hii walikuwa na Kilimia na majina mengine ya nyota kabla ya majukwaa. Sura ya pili ingeanzia hapo.